Mlevi Asiyekunywa

Huku kwetu Matombo mtu mzima akianza kuharibika akili kidogo kidogo, maelezo yapo matatu tu, na yote huwa tayari kabla mgonjwa mwenyewe hajaulizwa neno. La kwanza ni pombe. La pili ni malaria iliyompanda kichwani. La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini baada ya kuangalia nani yuko karibu, ni mkono wa mtu. Sina ugomvi mkubwa na majirani zangu wasemao hivyo, maana hawakufundishwa lolote jingine, na isitoshe, kuhusu yale mawili ya kwanza mara nyingine husema kweli. Ugomvi wangu ni na waliosoma: matabibu wetu wa zahanati, madaktari wetu wa mjini, na wale wanaopanga nini kifundishwe vyuoni na nini kiandikwe katika kadi ya mgonjwa. Hao wanajua, au wana wajibu wa kujua, kwamba ini likiharibika huiharibu na akili, na kwamba uharibifu huo huanza muda mrefu kabla mgonjwa hajaanza kuweweseka. Wanajua, na hawaulizi.

Nitalieleza kwanza jambo lenyewe, ndugu msomaji, kwa jinsi nilivyolielewa mimi mwalimu mstaafu nisiye daktari.

Wazee waliotuachia lugha hii walisema kwamba maneno machungu humkata mtu maini. Walijua ini lina uhusiano na nafsi, ingawa hawakujua amonia. Chakula tulacho, hasa nyama, samaki na maharage, kikivunjwavunjwa na vijidudu vya utumboni hutoa sumu hiyo. Ini zima huikamata, huigeuza, na figo huitoa kwa mkojo. Lakini ini lililosinyaa na kujaa makovu, ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi, haliwezi tena kazi hiyo. Tena damu itokayo utumboni, ikikuta njia ya kupitia ini imebana, hutafuta vichochoro vya pembeni, mithili ya lori la mazao linalozunguka njia za panya kukwepa kizuizi cha ushuru. Sumu hufika kwenye ubongo bila kukaguliwa. Hapo akili hupungua kasi. Mwisho wa safari hiyo kila daktari anaujua: mgonjwa hupayuka, viganja vyake akivinyoosha hupigapiga kama mbawa za ndege, halafu huzimia. Sheila Sherlock na wenzake wa London waliueleza ugonjwa huo na kuupa jina mwaka 1954, hivyo si jambo geni.

Mimi nazungumzia mwanzo wa safari. Miongozo ya madaktari wa ini wa Ulaya na Marekani ya mwaka 2014 inasema kwamba kati ya asilimia 20 na 80 ya wagonjwa wa sirosisi, kutegemea kipimo kilichotumika na hali ya ugonjwa, wana upungufu wa akili usioonekana katika mazungumzo ya kawaida. Anakusalimu vizuri. Anakuuliza habari za watoto kwa majina yao. Kilichopungua ni umakini, wepesi wa kutenda, na uwezo wa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja.

Wala usifikiri, msomaji, kwamba ini la namna hiyo ni la walevi peke yao. Pombe ya miaka mingi, na gongo hasa, huliua ini, hilo silibishi. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B huliua vilevile, hata la mtu asiyejua ladha ya pombe. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Hesabu mwenyewe: kila babu na bibi wa leo milimani humu, na wengi wa wazazi, walikua bila kinga hiyo.

Nichukue mfano wa mjomba wangu, kwa kuwa ndiye niliyemwona kwa macho. Kwetu Waluguru mjomba si ndugu wa mama tu. Ukoo wetu hufuata upande wa mama, na neno la mjomba juu ya nani alime wapi katika ardhi ya ukoo ni neno zito. Huyu wangu alikuwa mkulima wa mananasi na pilipili manga, mtu wa hesabu za kichwani, ambaye wachuuzi kutoka Morogoro mjini walimheshimu kwa sababu hakuhitaji kalamu. Pombe aliiacha akiwa kijana na hakuirudia. Alipovimba tumbo na miguu alipelekwa hospitali kubwa, akaambiwa ini limesinyaa kwa sababu ya virusi vya aina ya B, akapewa dawa na vidonge vya kupunguza maji, akaonywa kuhusu chumvi, akarudi nyumbani. Kuhusu akili yake hakuna aliyeambiwa lolote, si yeye, si mkewe, si sisi wapwa.

Kwa muda wa miezi kama minane mambo yalikwenda hivi. Alianza kusinzia mchana na kukesha usiku, ameketi barazani na redio yake. Alianza kuwa mkali kwa mambo madogo. Vifungo vya shati vilipishana. Mwandiko wake katika daftari la ukoo, uliokuwa umenyooka kama matuta, ukaanza kuteremka kuelekea pembe ya ukurasa. Mchuuzi mmoja aliondoka na mananasi mia na ishirini kwa bei ya mia, na mjomba akabisha kwamba hesabu ni sawasawa. Kisha likaja lile lililotugawa: sehemu moja ya bonde aliwapa wapwa wawili tofauti katika kipindi kisichofika mwezi, na kila mmoja akalima mpaka jembe likagonga jembe. Kikao cha ukoo kilikaa. Mmoja alisema mzee amekula rushwa. Mwingine akasema anakunywa gongo kwa siri, na hilo ndilo lililoshika, kwa sababu lilieleza kila kitu: usingizi wa mchana, ukali, hesabu, vifungo. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka thelathini bila kuonja pombe akawa mlevi kwa azimio la kikao.

Mkaza mjomba peke yake ndiye aliyekataa. Aliniambia, “Mwanangu, mjomba wako hajalewa wala hajarogwa. Amekuwa kama redio inayoishiwa betri. Maneno yote anayo, ila yanatoka polepole, na ukiigonga kidogo inapanda, halafu inashuka tena.” Mpaka leo sijasoma katika kitabu chochote maelezo ya ugonjwa huu yaliyo bora kuliko hayo. Hakuna mwenye koti jeupe aliyemwomba ayatoe.

Tulimpeleka zahanati moja ambayo sitaitaja. Tabibu, kijana mwenye heshima zake, alimwuliza jina, siku ya wiki, na rais wa nchi ni nani. Mjomba alijibu yote. Kikaandikwa kwamba akili ni timamu. Mkewe aliposema kwamba halali usiku, akapewa vidonge vya usingizi. Kesho yake hakuamka. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, tukapata gari, tukapita Mkuyuni na Kiroka tukidhani tunasindikiza maiti. Mjini akapatikana daktari aliyeelewa: tumbo likasafishwa, akapewa dawa ya maji matamu iitwayo laktulosi, vidonge vile vikapigwa marufuku. Siku ya tatu mjomba alifumbua macho akauliza nanasi sokoni linauzwaje.

Sasa tazama maswali yale matatu. Jina, siku, rais. Hayo hupima kama mtu amekwisha kupotea. Hayapimi kama ameanza kupotea njia, kwa maana ugonjwa huu katika hatua zake za mwanzo hauigusi kumbukumbu ya jina la rais hata kidogo. Kumwuliza mgonjwa wa ini siku ya wiki na kuandika “timamu” ni sawa na kumpima mkwezi wa minazi kwa kumtembeza uani. Na kumpa dawa ya usingizi mgonjwa wa namna hiyo, bila kujiuliza kwa nini usiku na mchana vimebadilishana zamu, ni kumsukuma kutoka juu ya mnazi. Vitabu vya tiba vinaonya waziwazi kuhusu dawa hizo kwa wagonjwa wa sirosisi. Kubadilika kwa usingizi ni miongoni mwa dalili za mapema, nasi tunaigeuza dalili kuwa sababu ya sumu ya pili.

Je, vipimo vipo? Vipo, tena vya zamani. Mwaka 1977 Harold Conn wa Marekani alieleza jinsi ya kumpa mgonjwa karatasi yenye namba zilizotawanyika, aziunganishe kwa mstari kwa kufuatana huku saa ikihesabu. Wajerumani wakaja na mkusanyiko wa vipimo vitano vya kalamu na karatasi ambao hadi leo ndio unaotumika kama kigezo. Nikiwaambia madaktari wetu habari hizo hunijibu haraka, na jibu lao lina nguvu: vipimo hivyo vilitengenezwa kwa watu waliokaa darasani. Mzee wa Matombo ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa kuunganisha namba hata ini lake likiwa zima kama la ndama. Ni kweli. Mimi niliyefundisha watu wazima kusoma najua jinsi kalamu inavyomtoa jasho mwenye mkono wa jembe. Lakini wenzangu hao wakifika hapo husimama, kana kwamba wamemaliza hoja, kumbe ndiyo kwanza wameianza. Kama kipimo hakimfai mtu wetu, kazi yako msomi ni kupata kinachomfaa. Kukosa karatasi ya Mjerumani hakumpi mtu ruhusa ya kuacha kuangalia.

Tena kazi yenyewe nusu imekwisha kufanywa, na nusu moja imefanywa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2017 madaktari wa Padova, Italia, walichapisha kipimo ambacho hakihitaji kalamu wala mashine: mwambie mgonjwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, nawe uhesabu. Waliona kwamba mwenye kutaja chini ya kumi ana dalili ya shida kubwa, na kati ya kumi na kumi na tano kuna la kutilia shaka. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya wa mwaka 2022 umekitaja kipimo hicho. Na kabla ya hapo, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na Kiingereza walikuwa wametengeneza kipimo cha kuwatambua wazee waliopungukiwa akili kwa uzee, kikachapishwa mwaka 2014, kikikusudiwa hasa kwa watu wasiosoma sana. Ndani yake mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, huulizwa daraja ni nini, na huiga umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Njiti za kiberiti! Nani atasema zahanati haina?

Sisemi kwamba hesabu ya Padova ihamishiwe Uluguru kama ilivyo. Kipimo cha Hai nacho kilikusudiwa ugonjwa mwingine. Mtu wa Padova hamjui komba, na mtu wa huku karibu na barabara ya Kisaki, aliyekua akisikia habari za tembo na nyati, akishindwa kufika kumi nina haki ya kushangaa zaidi kuliko Mwitaliano. Halafu kuna suala la lugha. Bibi wa mlimani mwulize kwa Kiluguru. Ukimlazimisha kutafsiri kila ngedere na kila kicheche kwa Kiswahili cha ofisini, utakuwa umepima tafsiri. Jawabu la mambo yote haya ni jepesi: mlinganishe mtu na yeye mwenyewe. Siku anapogunduliwa kuwa na sirosisi, akiwa bado mzima wa akili, hesabu wanyama wake na uandike. Akirudi baada ya miezi mitatu hesabu tena. Aliyetaja kumi na nane Januari akataja tisa Aprili amekueleza jambo ambalo hakuna wastani wa Ulaya utakaolitangua. Huenda ni ini, huenda ni malaria, huenda ni ugonjwa mwingine wa ubongo, na hapo ndipo utabibu unapoanza.

Wapo wanaosubiri mashine. Ati tukipata ya kupima amonia katika damu mambo yatanyooka. Damu ya kipimo hicho hutakiwa kuwekwa kwenye barafu na kupimwa upesi, na hata ikipimwa vizuri, amonia ikiwa juu peke yake haithibitishi ugonjwa huu. Kusubiri mashine ni namna ya heshima ya kutofanya kitu.

Hoja ninayoiogopa zaidi si hiyo. Ni ile ya daktari mmoja rafiki yangu, mtu mwema aliyechoka, aliyeniambia, “Mwalimu, hata tukiwagundua, tutawapa nini?” Nilimwambia kwanza kwamba dawa ipo na inafanya kazi. Mwaka 2007 madaktari wa Chandigarh, India, walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye upungufu huu wa kujificha waliopewa laktulosi kwa miezi mitatu: vipimo vyao vya akili vilipanda, na maisha yao ya kila siku yakawa bora kuliko ya wasiopewa. Ni dawa ya kumfanya mtu aende haja laini mara mbili au tatu kwa siku, ili sumu itoke. Ni ghali kwa mkulima wa nanasi, nakubali, na hilo ni deni la wanaopanga bajeti, wala si sababu ya kufumba macho.

Pili, na hapa nilipandisha sauti, kugundua kuna faida hata pasipo chupa moja ya dawa. Ukijua, hutampa vidonge vya usingizi. Utauliza kama amefunga choo, kwa kuwa choo kikifunga sumu hurundikana. Utatafuta maambukizo, na kinyesi cheusi kinachoonyesha damu inavuja tumboni. Utaangalia kama vidonge vya maji vimemkausha kupita kiasi. Na utaacha kumkataza maharage. Huu ushauri wa kumnyima mgonjwa wa ini nyama na maharage ati vinaleta amonia ulikuwa mafundisho ya zamani, nao umekataliwa: mgonjwa asipokula vyakula hivyo huyeyuka misuli, na misuli ndiyo inayolisaidia ini kuiondoa sumu hiyo hiyo. Mjomba wangu alikula ugali na mchicha kwa miezi kwa sababu ya ushauri huo, huku gunia la maharage likiliwa na fukusi.

Tatu ni usalama. Hapa kwetu mtu asiye makini hakosei hesabu tu. Huendesha bodaboda kwenye kona za Matombo baada ya mvua, abiria wawili nyuma. Hukwea mnazi. Hufyeka na panga kwenye mteremko ambao mbuzi huufikiria mara mbili. Ulaya wamefanya majaribio kuona kama wagonjwa hawa wanafaa kuendesha magari, na wengi wao wameonekana kuwa na walakini. Sisi hatumwulizi hata kama ana leseni.

Rafiki yangu alisema foleni ni ndefu. Dakika moja, nikasema. Akanyamaza, kisha akasema kwamba dakika moja kwa wagonjwa sitini ni saa nzima. Lakini si wote sitini walio na sirosisi. Siku nyingine huwa mmoja, siku nyingine hayupo kabisa.

Na saa isiyogharimu kitu ni ile ya kumsikiliza mke, au mume, au binti anayepika. Mgonjwa mwenyewe hawezi kukuambia, kwa sababu chombo ambacho angekitumia kujiona ndicho kilichoguswa. Waulize wa nyumbani: analala saa ngapi? Chenji anarudisha sawa? Hasira zimezidi? Mwandiko umebadilika? Amepotea katikati ya hadithi aliyoisimulia mara mia? Hospitali zetu humwacha mke nje na kikapu cha chakula, halafu huandika kwamba historia ya mgonjwa haikupatikana.

Lipo jambo moja linalonifanya niseme haya kwa tahadhari. Mtu akishaandikwa kwamba ini limemgusa akili, ndugu wenye tamaa watalichukua neno hilo kama panga. Atavuliwa sauti katika ukoo, watauza miti yake. Nimewasikia watu wakisema ni afadhali kutopima. Mimi nakataa, kwa sababu asiyepimwa huvuliwa sauti vilevile, kwa jina baya zaidi. Upungufu huu unaweza kupanda na kushuka, nao ukitibiwa hurudi nyuma, tofauti na ule wa uzee. Aambiwe mwenyewe kwanza, mkewe akiwapo, na mambo ya ardhi na fedha yaahirishwe au yafanywe akiwa na mtu wake anayemwamini pembeni.

Mjomba aliporudi kutoka mjini, akili zikiwa zimemtulia, aliomba kikao kikae upya juu ya lile bonde. Alisimama akasema kwamba hakumbuki vizuri siku ya kuwapa wapwa wale wawili, na kwamba daktari amemweleza ni ini. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao, tena mtu aliyempenda, akamwambia, “Kaka, kila mlevi husema hivyo.” Aliishi miaka miwili zaidi, akila maharage na kunywa dawa yake tulipoweza kuinunua, na daftari la ukoo lilikuwa limekwisha kuhamia nyumba nyingine. Kesi ya bonde ilifika baraza la kata. Nilikwenda kutoa ushahidi na kadi yake ya zahanati, na mwenyekiti alinisomea kilichoandikwa na tabibu, akili timamu, pamoja na tarehe, ambayo ilikuwa ndani ya miezi ile minane.